Kilatini cha Kifuani

Jumatatu, 3 Machi

Mwanamke mzima, miwani puani, funguo shingoni kama kengele ya mbuzi, na hujui kilichoandikwa vifuani mwa watoto wako mwenyewe. Aibu hiyo nakuachia wewe, Mwalimu Mkuu. Mimi siibebi.

Leo Mwalimu huyo ameniletea kazi ya muhula, nembo mia tatu za masweta mapya. Ngao, nyota moja juu, na chini yake Kilatini: Per aspera ad astra. Mwaka wa kumi na moja huu natarizi maneno hayo, naweza kuyatarizi nimefumba macho. Nikamwuliza, hivi yana maana gani? Akasukuma miwani juu.

"Mama, ni mambo ya bidii."

"Bidii ipi?"

"Bidii kwa ujumla."

Nikamwambia bidii kwa ujumla hata punda anayo.

Akageuza mazungumzo. Akasema mjukuu wangu kachelewa mara tatu tangu shule ifunguliwe, na pale kwao wachelewaji hukimbizwa kuuzunguka uwanja. Nikamjibu, mkimbize. Mkimbize mpaka akome. Mtoto wa miaka kumi na mbili hawezi kushindwa na kile kilima, mimi nilikipanda na ndoo kichwani na mama yake tumboni.

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Nimeligeuza nyuma mbele. Tangu mama yake mtoto aende mji mwingine kufua mashuka hotelini, sina mtu mzima wa kugombana naye ndani ya nyumba, na mimi nisipogombana chakula hakishuki. Daftari halijibu. Ndiyo uzuri wake.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nembo kumi na tisa.

Jumamosi, 8 Machi

Karani mmoja kaniletea koti. Linakunjamana kwapani, anataka nitengeneze kwapa. Nikamwambia, baba, mkunjo uko kwapani lakini kosa liko begani. Hataki. Ananionyesha kwapa kwa kidole kana kwamba mimi kipofu. Nikamwacha aongee, nikafumua bega, nikasogeza mshono upana wa punje ya mchele, nikamvika. Mkunjo haupo. Akageuka mbele ya kioo mara tatu, hata asante kasahau.

Nguo haikuonyeshi inapoumwa. Inakuonyesha inapolalamika. Hilo sikufundishwa na mtu, shule niliishia la nne.

Jumanne, 11 Machi

Mtoto analalamika goti. La kulia. Nimempima mlangoni, kweli kaota kama mgomba, mifupa inavutika. Nimemchua. Kesho shule.

Ijumaa, 14 Machi

Goti bado. Nikavuka barabara kwenda duka la dawa. Mwenye duka tunamwita Bwana Dawa. Alisomea upadri miaka minne, halafu akamwona binti wa mpishi wao. Sasa ana watoto watano na Kilatini hana wa kuzungumza naye.

"Mama Cherehani, karibu. Leo presha imepanda au ulimi?"

"Ulimi wangu mzima. Nataka dawa ya kuchua, na nataka unisomee hii."

Nikamwekea nembo juu ya kioo. Akaishika kama mtu aliyeletewa barua kutoka kwao. "Per aspera ad astra. Kupitia magumu, mpaka kwenye nyota."

Nikanyamaza. Mimi kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Miaka kumi na moja nilikuwa natarizi maisha yangu mwenyewe na sikujua. Nilizika mume nikiwa na miaka ishirini na sita. Sindano ya cherehani iliwahi kupita katikati ya kidole changu, nikaichomoa, nikamaliza mshono ndipo nikatafuta kitambaa. Huyo Mlatini aliyasema hayo kana kwamba alikuwa amekaa hapa kwenye benchi langu.

"Goti la nani?" akauliza Bwana Dawa.

"La mjukuu."

"Mlete nimwone anavyotembea."

"Wewe unauza dawa. Macho sijaja kukodi."

Akacheka, akanipa chupa. Nimeandika ile tafsiri kwenye kipande cha boksi kwa herufi kubwa, nimekibandika ukutani juu ya cherehani, mtoto akiinua uso akutane nayo.

Jumatano, 19 Machi

Sketi yake ya shule imeshuka upande wa kulia. Nikamwambia anakaa vibaya. "Sikai vibaya, Bibi." Basi sketi ndiyo inakaa vibaya. Nimepandisha pindo la kulia upana wa kidole kimoja, likanyooka. Nembo ishirini na mbili.

Jumapili, 23 Machi

Mama yake kapiga simu. Nikasikia mtoto akimwambia goti, goti. Nikapiga mkasi mezani. Mkasi wangu mkubwa ukipigwa mezani, nyumba hii hunyamaza. Ndivyo nilivyomlea mama yake. Mkasi huo hauguswi na mtu mwingine.

Nikachukua simu, nikamwambia binti yangu asiniharibie mtoto kwa huruma ya mbali. Akasema, "Mama, mpeleke hospitali." Nikamwuliza yeye wakati goti linamwuma utotoni nilimpeleka hospitali gani. Akasema, "Hukunipeleka." Nikasema, unaona, na unatembea.

Akasema maji ya mashine yamejaa, akakata.

Mtoto nikamwambia, mvumilivu hula mbivu.

"Na akikuta imeshaoza, Bibi?"

Ulimi huo kautoa wapi sijui.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Kamba imejaa nguo zisizokauka, tunapita chini yake kama wezi.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nilipeleka masweta arobaini shuleni, nikawasikia wasichana wenzake getini wakimwita Bata. Bata, Bata, njoo. Nikatazama, na kweli anaenda kama bata, kiuno kinayumba, wayo wa mguu wa kulia unaangalia nje kama mlango usiofungwa. Mlinzi wa geti naye anacheka kwa kujificha kwenye mwavuli. Niliwahi kumwuliza huyo maana ya Kilatini cha ukutani kwake, akaniambia ni "Ukichelewa usilaumu mtu."

Sikuwagombeza wasichana. Nilimgombeza mjukuu wangu.

Nyumbani nikachukua chaki ya fundi, nikachora mstari sakafuni kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani, umenyooka kama ukingo wa meza. Nikamwambia tembea juu yake, vidole mbele, mpaka mguu ujue adabu. Akaenda, akarudi. Mara ya sita uso ulikuwa umelowa. Nikamwonyesha boksi ukutani. Akasoma kwa sauti, bila kuambiwa. Mara ya tisa akanyoosha mguu karibu sawa, nami nikampa chai yenye maziwa mengi.

"Unaona, mke mwenzangu," nikamwambia. "Kumbe inawezekana."

Jumatatu, 31 Machi

Nembo mia moja themanini. Unyevu umeziwekea sindano kutu. Mtoto katembea mstari mara nne. Hasemi tena goti. Dawa imefanya kazi.

Jumatano, 2 Aprili

Bwana Dawa kaja mwenyewe hapa kwangu, suruali imelowa mpaka magotini, kisingizio ni kifungo. Kifungo gani, shati lake lina vifungo vyote. Akakaa kwenye benchi mpaka mtoto akarudi kutoka shule. Akamtazama akipanda ngazi tatu za mlango. Anapanda kwa mguu wa kushoto, anauvuta wa kulia, mkono umeshika ukuta.

"Mama Cherehani, mguu huo unatazama nje."

"Tunaunyoosha."

"Haunyooshwi hivyo. Mpeleke hospitali apigwe picha. Kesho, siyo wiki ijayo."

Nikamwonyesha boksi langu. Nikamwambia, wewe mwenyewe ulinisomea. Kupitia magumu.

"Mimi nilikutafsiria maneno," akasema. "Sikukuandikia dawa."

Nikamwambia akawafundishe wanawe watano, huyu ni wa kwangu. Akainuka, akaniaga kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonikera. Mtu akikutukana unajua pa kushika.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefumua nembo mbili. Nyota zimekaa upande. Nakaa, nasimama, nafungua mlango kutazama mvua kana kwamba nimeiagiza.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwuliza, goti vipi? "Zima, Bibi." Akasema haraka mno, na hakunitazama.

Nilipaswa kuweka kazi chini. Nimeandika hapa ili nisije nikasema sikujua.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi la mbao linalouma kuliko kiti changu cha kazi.

Jana mtoto alichelewa. Akakimbizwa uwanjani na wenzake watatu. Mzunguko wa pili, kwenye tope, akaanguka, na safari hii hakuinuka. Mlinzi wa geti, yule mcheka kwenye mwavuli, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari la watu akawaamuru wageuze. Mimi nililetewa habari nikiwa na sweta chini ya sindano ya cherehani. Nilitoka na kipimo shingoni na kiatu kimoja cha ndani, kimoja cha nje.

Daktari ni msichana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Nilipomwona nikasema moyoni, hapa tumekwisha. Hakugusa goti. Nikamwambia ni goti, daktari. Akasema, "Nasikia, Bibi," akaendelea kushika nyonga. Nikasema tena, goti, nikamwonyesha kwa kidole. Akakunja mguu taratibu, mtoto akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata alipozaliwa hakulia hivyo.

Picha ikaja. Akaiweka kwenye taa, akaniita karibu. Kichwa cha mfupa wa paja, akasema, kinakaa kwenye nyonga kama kifuniko juu ya chupa. Cha upande wa kushoto kimekaa sawa. Cha kulia kimeteleza. Huwapata watoto wanaokua haraka. Kilianza kidogo kidogo wiki nyingi zilizopita, na jana kimeteleza zaidi.

"Mbona analia goti?"

"Mishipa ya fahamu ni ile ile, Bibi. Nyonga ndiyo inaumwa. Goti ndilo linalalamika."

Nikatafuta kiti.

Akaniuliza ameumwa tangu lini. Nikasema mwezi. Akaniuliza kama alikuwa akichechemea. Nikasema ndiyo. Akapima miguu kwa utepe, nami nikausoma utepe kabla yake, maana kusoma utepe ndiyo kazi yangu. Wa kulia umepungua upana wa kidole.

"Mguu umefupika. Hamkuona nyumbani?"

"Niliona," nikamwambia. "Nikapandisha pindo."

Hakuelewa.

Kesho anafungwa skrubu, mfupa usiendelee kuteleza. Usiposhika, au damu isipofika kwenye kile kichwa cha mfupa, atachechemea maisha yake yote. Amelazwa chali, hakuna kukanyaga chini hata hatua moja. Nimempigia mama yake. Sikumficha kitu. Hakunigombeza, alisema tu, "Nakuja," na nikasikia mashine zikizunguka nyuma yake, zikizunguka.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamemwingiza chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi.

Mwalimu Mkuu alikuja, viatu mkononi, miguu imejaa tope, na madaftari ya mtoto kwenye mfuko wa plastiki. Alisimama mbele yangu. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu juzi, makali, yamepangwa kama pini.

"Mama, mimi ndiye niliyemkimbiza."

Pini zote zikaanguka. Nikamwambia, kaa. Wewe ulimkimbiza, na mimi nilikuambia umkimbize. Akakaa. Akavua miwani, na bila miwani ni mtu tu, amechoka, sketi yake imefumuka zipu.

Bwana Dawa akaja baadaye na chupa ya chai. Nilimwomba radhi. Sitaandika nilivyosema, inatosha kwamba nilisema. Akanimiminia chai. Halafu, kwa sababu saa zilikuwa hazisogei, nikamwambia anisomee Kilatini kingine.

"Post nubila Phoebus. Baada ya mawingu, jua."

"Hiyo tunayo. Baada ya dhiki faraja."

"Ad augusta per angusta. Kwenye makuu, kwa kupita pembamba."

"Hiyo nayo ni mchumia juani. Hawa Walatini walikuwa na shida gani mpaka watunge mengi hivi?"

"Vita, Mama. Na njaa. Na kupenda kutunga."

Mwalimu Mkuu akacheka kidogo, akaziba mdomo.

Nikamwuliza Bwana Dawa, aliyetunga haya alikuwa amekwisha kufika kwenye nyota zake, au bado alikuwa njiani? Akasema hajui. Nikamwambia mimi najua. Alikuwa amefika. Alikuwa amekaa kivulini, miguu yote miwili mizima, anawaandikia walioko kwenye tope. Mimi pia nilikuwa nimekaa, juu ya kiti cha cherehani.

"Kuna lolote linalosema simama?" nikamwuliza. "Linalosema, unaumwa, kaa chini, ita mtu?"

Mvua ilipiga bati la veranda, ikaacha, ikapiga tena.

"Kuna festina lente. Fanya haraka polepole."

"Hilo ni la fundi. Nauliza la mgonjwa."

"Sikumbuki, Mama."

Mimi nilimpa mtoto maneno ya kupitia magumu, halafu magumu yenyewe nikayapika na kuyapakua kwa mkono wangu. Maneno hayakusema hivyo popote. Yalisema magumu yapo njiani. Hayakusema ukimwona mtoto amekaa, umtafutie.

Saa sita daktari katoka, kofia ya kijani, akatafuta uso wangu kati ya nyuso. "Skrubu imekaa," akasema. Akaongeza kwamba habari ya damu tutaijua kwa picha zijazo. Nikamshika mikono yote miwili. Ina nguvu, kama ya mtu anayekata vitambaa vizito.

Jumanne, 15 Aprili

Mama yake kafika jana na mfuko mmoja, mikono imebabuka kwa sabuni. Tumekaa upande huu na huu wa kitanda.

Mtoto katuambia. Alikuwa akitembea mistari ya sakafu ya darasani wakati wa mapumziko, ili mimi nisimwone bata. Alidhani muhula ukiisha maumivu nayo yataisha. "Kama boksi lako, Bibi. Nilihesabu nimebakiza wiki mbili."

Binti yangu akatazama dirishani. Halafu akasema, polepole, kwamba goti lake lile la utotoni bado humwuma mvua ikinyesha. Miaka thelathini, na ndiyo kwanza nasikia. Nikamwuliza mbona hakusema.

"Ulipiga mkasi, Mama."

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Hakuna nembo.

Jumatatu, 28 Aprili

Yuko nyumbani. Kabla hajaingia nilipiga magoti nikafuta mstari wa chaki kwa kitambaa cha maji. Chaki ya fundi haitoki upesi. Boksi la ukutani nimeliacha, yeye ndiye aliyeniambia niliache. "Ni zuri, Bibi. Ila liweke chini kidogo, nikilala siwezi kuliona."

Jumanne, 6 Mei

Magongo yanamchubua makwapa. Nimechukua nembo saba nilizoharibu, nimezikunja, nimezijaza pamba, nimezishona juu ya magongo. Kilatini kiko kwapani sasa. Kwa mara ya kwanza kinambeba mtu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemaliza nembo zote mia tatu, nimezipeleka mwenyewe. Maneno hayana kosa, koti halitupwi kwa sababu fundi alipima vibaya. Mwalimu Mkuu kanionyesha uwanja, nyasi zinaota kwenye njia ya wachelewaji. Mchelewaji sasa anaketi ofisini na kuulizwa kwa nini kachelewa. Amesema wiki ya kwanza peke yake aligundua wawili wasiokula asubuhi na mmoja asiyeona ubaoni. Zipu yake nimemshonea pale pale, amesimama.

Mlinzi kanipigia saluti. Nimemwambia aache upuuzi, kisha nikampa sweta la mwanawe.

Jumamosi, 24 Mei

Leo jua. Picha mpya jana. Mfupa umeshika, damu inafika. Mguu utabaki mfupi kidogo, atawekewa soli nene, na pindo nitalirudisha lilivyokuwa. Ila daktari kasema kitu kingine, na ndicho ninachokiandika, maana mama yake anarudi kazini kesho na sisi tunabaki wawili. Wanaoteleza nyonga moja, mara nyingi na ya pili huteleza.

Mjukuu wangu, najua unasoma daftari hili nikienda sokoni, umeliacha na alama ya chai ukurasa wa tatu. Basi soma na hapa.

Mguu wa kushoto ukikuuma, popote, gotini, pajani, hata kama ni mchomo wa sindano, niambie siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hata nina pini mdomoni na mteja mbele yangu. Usingoje muhula uishe. Ukiniambia na nisisikie, mkasi mkubwa uko droo ya kulia. Uchukue, uupige mezani, na usiache kupiga mpaka niinuke.